Samaki usiyemtaka akinasa kwenye ndoana yako unamfanyaje?

Watu wengi wanaovua kwa starehe, iwe ni mshipi wa mkono juu ya mawe pale ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, au rodi na rili kwenye boti ya kukodi kutoka Kunduchi, Kilifi au Watamu, wanajiandaa kwa yule samaki wanayemtaka tu. Ndoana imechaguliwa kwa ajili ya changu, chambo kimenunuliwa, barafu ipo, maji ya kunywa yapo. Ila ukishusha kipande cha ngisi pembeni ya mwamba huna uwezo wa kuchagua nani akimeze, changu atakuja sawa, lakini bunju naye anapenda ngisi, kikande naye, mkunga naye, na usiku kwenye mchanga wenye tope kuna yule ngogo wa baharini mweusi mwenye mistari myeupe naye yupo. Hapo ndo utaona boti nzima inapiga kelele, mmoja anasema mkate kichwa, mwingine anasema tupa, mwingine ameshatoa simu anapiga picha, na samaki yuko kwenye mbao za moto anahangaika.

Kinachosumbua ni kwamba tunauliza swali moja, "tumle au tumtupe?", wakati ndani yake kuna maswali manne. Huyu anaweza kuniumiza? Analiwa? Sheria inaniruhusu kuwa naye? Na nikimrudisha, ataishi kweli au namrudisha akafie huko chini nisikomwona? Majibu ya haya maswali hayafanani hata kidogo, na watu wanaumia, wengine wanakufa kabisa, kwa sababu wamechukua jibu la swali moja wakalibandika kwenye lingine.

Tuanze na sumu maana hapo ndo kuna vurugu kubwa. Baharini kuna sumu ya kuchoma na kuna sumu ya kula, na ni vitu viwili tofauti. Tafi ni samaki mtamu, kila mtu wa pwani anamla, lakini ana miba 13 mgongoni na mingine 7 chini nyuma ya tumbo, na yote ina sumu, ukimkamata vibaya wakati unamtoa ndoana mkono utawaka moto saa nzima na zaidi. Ukishampika sumu ile haipo tena. Bunju sasa ni kinyume chake, hana mwiba wa sumu wa kukuchoma, unaweza ukamshika mkononi akavimba tumbo watoto wakacheka, lakini ukimla anaweza kukuua. Kwahiyo mtu anayesema "huyu nimemshika hajanifanya kitu, kwahiyo yuko salama" amekosea, na anayesema "huyu ana sumu msimle" kuhusu tafi naye amekosea.

Sababu iko kwenye aina ya sumu yenyewe. Sumu ya miba ya tafi, ngogo, taa, na yule samaki anayejifanya jiwe, ni protini, na protini ikipata joto inabadilika kama yai linavyobadilika likichemshwa. Ndo maana huduma ya kwanza ya kuchomwa na hawa wote inafanana: maji ya moto. Unachovya mkono au mguu kwenye maji ya moto kadri unavyoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi joto 45 hivi, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Na hapa sikiliza vizuri, anayepima joto la maji autie mkono usiochomwa, au mtu mwingine apime, kwa sababu kiungo kilichochomwa kina maumivu makali kiasi kwamba hakijui tena moto ni upi, na kuna watu wametoka na malengelenge ya kuungua juu ya kidonda cha taa. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kwenye boti ni kifaa cha uokoaji, ibebe hata kama hunywi chai, ukichanganya na maji ya bahari kwenye ndoo unapata joto unalolitaka. Usikaze kamba kwenye mguu, usichanje na wembe, usinyonye. Kipande cha mwiba kinachoonekana juu juu kitoe, ila kama mwiba wa taa umezama shingoni, kifuani au tumboni usiuguse, nenda nao hospitali hivyo hivyo kwa sababu huenda ndo umeziba mshipa wa damu. Na kidonda cha baharini ukifika kwa daktari uliza na sindano ya pepopunda.

Sumu ya bunju haijali moto. Chemsha, kaanga, kausha juani, iko pale pale. Inakaa zaidi kwenye maini, mayai na ngozi, na ukimpasua vibaya inaenea kwenye nyama. Inachofanya ni kukata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, kwahiyo dalili zinaanza na midomo na ulimi kufa ganzi, vidole vinacheza, mwili unalegea, na mwisho misuli ya kupumua inagoma huku mgonjwa bado anasikia kila kitu mnachosema. Mara nyingi inaanza ndani ya dakika ishirini mpaka masaa matatu. Dawa ya kuiua hiyo sumu hakuna, kinachookoa ni mashine ya kupumulia mpaka mwili uitoe wenyewe, kwahiyo mtu akianza kuhisi ganzi mdomoni baada ya kula samaki msikae kumnywesha maziwa, ni hospitali muda huo huo, na akiacha kupumua njiani mpulizieni pumzi mdomoni bila kuchoka.

Na hapa nina hasira na jambo moja ambalo wavuvi wa wikendi tunalifanya sana. Mtu anamnasa bunju, anamchukia kwa sababu amekata ndoana na yale meno yake, anampiga kwenye mawe au anamtupa nyuma mchangani. Jamani, ufukweni kuna watoto wanaokota. Kuna mama ambaye leo hana kitoweo. Kuna wageni wa bara hawajawahi kumwona bunju maishani, na akishalala kifo chake, tumbo limeshuka, anaonekana samaki wa kawaida mwenye nyama. Unamwachia nani hiyo sumu? Bunju arudi majini akiwa hai, na kama ameshakufa mtupe mbali baharini kwenye kina au mfukie chini sana, basi. Akiwa amevimba mrudishe taratibu, mtie majini mdomo ukiwa juu ili hewa imtoke, maana akijaza hewa badala ya maji wakati mwingine anashindwa kuitoa, anaelea juu mgongo chini mpaka ndege wanamkuta.

Kasa anaingia kwenye hili la sumu ya kula pia ingawa watu hawapendi kusikia. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Sumu yake haijulikani kwa macho wala kwa harufu, haiondoki kwa kupika, na kasa mmoja anaweza akaliwa watu wasipate kitu halafu wa pili akamaliza familia. Hapo hata hatujafika kwenye sheria, ambayo Tanzania na Kenya zote zinakataza kumkamata, kumla au kumuuza.

Ukimnasa kasa kwa bahati mbaya, usimvute juu kwa mshipi, kwa sababu ndoana inaweza kuwa kooni na unazidi kuirarua. Msogezee boti, mpandishe kwa wavu au kwa kushika gamba pande zote mbili, na kama ni mkubwa mno mwache majini, ukate mshipi karibu na mdomo kadri inavyowezekana. Mshipi mrefu unaoning'inia ndo unaomuua baadaye, anaumeza unamkunja utumbo au unamfunga bawa. Na kasa anayeonekana amekufa mara nyingi hajafa, amekunywa maji tu. Mlaze kwa tumbo, nyuma painuke kama sentimita 15 hadi 20 ili maji yatoke mapafuni, kivulini, umfunike kitambaa kibichi ila usizibe pua, na umpe muda, wengine wanaamka baada ya masaa mengi. Wapigie watu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe ulipo, na kama uko Watamu pale kuna Local Ocean Conservation wana hospitali ya kasa kabisa, wamefanya hiyo kazi na wavuvi miaka mingi.

Mkunga sitaongea sana. Kata mshipi. Anajikunja kwenye uzi anatengeneza fundo la ute ambalo hulifungui, anang'ata, na ana taya nyingine ndani ya koo ambazo zinasogea mbele kuvuta alichokishika, ndo maana vidole havitoki kirahisi. Ndoana moja haina thamani ya kidole.

Haya, sasa swali ambalo watu wengi wanadhani wanalijua: kumrudisha akiwa hai. Kumtupa sio kumwachia. Nimeona watu wanamshika changu mdogo kwa taulo kavu, wanapiga picha tano, wanamrusha hewani mita tatu anapiga maji kwa ubavu, afu wanajisikia vizuri kwamba wametunza bahari. Yule changu ana nafasi ndogo sana. Taulo limemtoa ute wote, na ute ndo kinga yake dhidi ya vijidudu, mbao za boti saa sita mchana zinamchoma, na mashavu yake yakiwa nje ya maji yanagandana hayavuti hewa kabisa. Lowesha mikono kwanza. Mtoe ndoana akiwa ndani ya maji ikiwezekana, au kwenye ndoo ya maji safi ya bahari, kwa plaizi yenye mdomo mrefu. Ukimwinua, mikono miwili, mwili umelala, usimning'inize kwa taya na usimtie vidole mashavuni. Akiwa hoi mshike uso ukielekea mkondo unakotoka, maji yaingie mdomoni yatokee mashavuni, usimsukume mbele na nyuma maana ukimrudisha nyuma maji yanapita vibaya. Jodari ni tofauti, yeye anapumua kwa kuogelea, huyo mwachie kwa kumchoma majini kichwa mbele apate kasi.

Ndoana iliyomezwa mpaka ndani iache. Najua mkono unawasha kuitafuta, lakini wanasayansi waliofuatilia samaki baada ya kuachiwa wanakubaliana kwamba aliyekatiwa mshipi anaishi zaidi kuliko aliyechokonolewa koo. Ndoana ya chuma cha kawaida inaoza na kutu, ile isiyoshika kutu ndo inabaki, kwahiyo kama unajua utaachia samaki wengi usinunue ile. Na kuna ndoana za mviringo, ncha imegeukia ndani, ambazo samaki akiondoka nayo inamshika pembeni ya mdomo badala ya kooni, ila lazima uache tabia ya kukurupuka na rodi, unakaza polepole tu. Waliozoea mshipi wa mkono wanapata shida siku za mwanzo, wakishazoea hawarudi nyuma. Bonyeza na ule mwiba mdogo wa ndoana kwa plaizi, samaki hakutoki ukiweka uzi umekazwa, na siku ndoana ikiingia kwenye kidole chako utashukuru.

Kuna tatizo lingine ambalo ukiwa ufukweni hulioni, linawahusu wanaoshusha mshipi kwenye kina. Samaki wa mwamba wengi, chewa na changu na jamaa zao, wana kifuko cha hewa ndani cha kuwasaidia kuelea. Kila mita 10 unazoshuka shinikizo la maji linaongezeka sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, kwahiyo kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu, na hewa iliyoko kwenye kile kifuko ukiivuta mpaka juu inataka nafasi mara nne. Ndo unaona chewa anafika na macho yamemtoka na kitu chekundu kinatokeza mdomoni. Watu wanakitoboa kile kitu wakijua ni kifuko cha hewa. Sio. Ni tumbo lake la chakula limesukumwa nje, ukilitoboa umemmaliza. Na ukimwachia hivyo hivyo hawezi kuzama, anaelea, jua na ndege wanamalizia kazi.

Dawa ni kumrudisha chini haraka, maana shinikizo lile lile lililomvimbisha likirudi linamrudisha saizi yake. Kifaa chake unaweza kukitengeneza mwenyewe: chukua ndoana kubwa isiyo na mwiba mdogo, funga uzi kwenye ule mkunjo wa chini ili ndoana iwe imegeuka, chini yake funga chubwi zito, unamtia samaki kwenye ule utando wa mdomo wa chini, unamshusha karibu na kina alichotoka, unapiga mshtuko mmoja, anachomoka anaondoka. Marekani walifika mahali wakaweka sheria, kuanzia Januari 2022 anayevua samaki wa mwamba kule Ghuba ya Meksiko ilimlazimu awe na kifaa cha kushushia samaki au sindano maalum ya kutolea hewa tayari kwenye boti. Kwetu mi naona hata bila sheria mwenye boti ya wageni angekuwa nacho, ni chubwi na ndoana tu. Halafu kuna uamuzi rahisi zaidi, kama unavua mita 50 na kila anayepanda ni mdogo usiyemtaka, hama. Kuendelea pale huku unawaachia ni kujidanganya, wengi wao hawafiki chini salama.

Papa na taa hawana hicho kifuko kwahiyo hilo haliwahusu, wana yao. Papa hana mbavu za kushikilia matumbo yake, majini maji yanambeba, ukimning'iniza kwa mkia viungo vya ndani vinajivuta vibaya hata kama ataondoka anaogelea. Taa usimshike kwa yale matundu nyuma ya macho, ndo anapumulia hapo, na mwiba uko kwenye mkia kwahiyo mtu mmoja anaangalia mkia tu, mwingine anakata mshipi. Usimkate mkia eti awe salama. Taa jike mwenye mimba akikamatwa kwa fujo anaharibu mimba palepale, unaweza ukaona vitaa vidogo vinatoka kwenye boti, na hawa viumbe hawazai maelfu kama kibua, wanazaa wachache na wanachelewa kukomaa, ndo maana wakipungua hawarudi upesi. Yule papa mwenye mkia mrefu karibu sawa na mwili wake ana sheria yake kabisa, Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, kwenye azimio lake la 2012 ilisema hata wavuvi wa mchezo lazima wamwachie akiwa hai, na wawe na vifaa vya kumwachilia. Kwahiyo kama boti inakupeleka kuvua kina kirefu, muulize nahodha ana kikatia mshipi chenye mpini mrefu au hana.

Sasa nisieleweke kwamba kila usiyemtaka arudi. Hii tabia ya kurudisha kila kitu kwa ajili ya picha imetoka kwa watu wenye friji limejaa. Pwani yetu taa analiwa wa nazi, papa mkavu anauzwa mpaka bara, chuchunge anakaangwa, kikande akichunwa ile ngozi ngumu nyama yake ni safi. Wewe humtaki kwa sababu hujazoea, ila jirani yako kwenye mawe anamtaka sana. Samaki halali, sio mtoto, na ambaye ameumia hataishi, mpe mtu, ni heshima zaidi kuliko kumrusha akaoze. Masharti ni mawili tu, uwe unamjua kwa uhakika ni nani, na usimpe mtu kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukila. Mzia mkubwa sana au chewa mkubwa wa mwamba kwa mfano mi simpi mtu bila kufikiri, kuna sumu ya mwani wa mwambani inayojikusanya kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, nayo haitoki kwa kupika, na aliyeipata anaweza kushika kitu cha baridi akahisi kinaungua. Tena chewa mkubwa ana kazi huko chini: wengi wao wanaanza maisha wakiwa majike wanageuka madume wakishakua, ukiwatoa wakubwa wote umebakisha majike bila mume.

Ndege baharini anaweza kurukia chambo chako akanasa. Mvute pole, mfunike kichwa kwa kitambaa anatulia, ndoana ipitishe mbele ukate mwiba kwa plaizi kisha uirudishe. Usikate uzi akaruka nao, atanasa kwenye mti au kwenye nyaya.

Mengi ya haya unaweza kuyapunguza kabla hujanasa mtu. Ndoana kubwa kidogo inakataa watoto. Chambo kilichoinuliwa nusu mita kutoka chini kinapunguza taa na ngogo na mkunga. Rodi isiyo na mtu ndo inayozalisha ndoana za kooni, samaki ana muda wote wa kumeza wakati wewe uko kwenye mishikaki. Ukipata bunju wawili mfululizo pale wapo kundi, sogea mita hamsini. Na mshipi wote uliokata leo, vile vipande vya mita mita vilivyobaki kwenye boti au kwenye mawe, vikusanye uondoke navyo nyumbani ukavikate vidogo vidogo kabla ya kuvitupa, kwa sababu uzi wa nailoni ukibaki kwenye mwamba unaendelea kuvua bila wewe.